Folda Zisizo na Mwenyewe

Mahfuza Khondokar alikuwa mtu wa utaratibu, na watu wa utaratibu wana ubaya wao mmoja: wakikosea, hukosea hatua kwa hatua, na kila hatua ina sahihi yao. Ndivyo ilivyomkuta mwaka ule alipokagua data zote za shirika la Kulrekha, pale Sirajganj, akafuta kitu ambacho hakikuwa chake kufuta.

Kulrekha ni shirika la watu wa mtoni. Jamuna si mto wenye adabu. Mwaka huu unakula kijiji upande wa mashariki, na baada ya miaka kumi unatapika mchanga mahali palepale. Mchanga ukiota nyasi, watu huuita char na kuhamia. Aliyemezewa ardhi anaweza kuidai ikiibuka, mradi aonyeshe kwamba ilikuwa yake. Hapo ndipo penye kazi, maana mto ukila nyumba hula na sanduku lenye hati.

Wafadhili walikuwa wametoa sharti. Kabla ya mkataba mpya, shirika lihesabu mali zake zote za data: kila faili lijulikane ni la nini, ni la nani, linakaa wapi, na litafutwa lini. Kisicho na mwenyewe kiondolewe. Picha za binafsi za wafanyakazi nazo ziondolewe. Mahfuza, mkuu wa data, aliipokea kazi hiyo kama mtu aliyesubiri miaka yote aruhusiwe kufagia chumba cha wenziwe. Ndani ya seva mbili za ofisi alikuta harusi tatu, filamu ishirini na sita, na biriani moja ya Idi iliyopigwa picha kutoka pande zote nne. Alifuta, akaandika, alifuta, akaandika.

Kisha akafika kwenye folda mia nne na kumi na mbili zilizotoka kwenye diski ya Nirmal Haldar.

Nirmal alikuwa mpimaji wa mashambani, mtu wa miguu mirefu na viatu vyenye tope, aliyestaafu mwaka uliotangulia. Folda zake hazikuwa na namba ya mradi wala tarehe. Zilikuwa na majina tu: Tuni wa Gedu, Khoka wa Buri, Montu, Laddu Mdogo. Kwetu kila mtu ana majina mawili. Moja ni la shuleni na la kitambulisho. La pili ni la nyumbani. Analiita mama, analiita shangazi, na majirani wa utotoni, na haliandikwi kwenye karatasi yoyote ya maana. Unaweza kufanya kazi na mtu miaka ishirini usijue kwamba kwao ni Laddu. Kwa hiyo Mahfuza alipoyaona majina yale hakusita. Haya ni mambo ya nyumbani kwa watu, alijiambia. Mgeni kutoka nje angeuliza maana yake. Yeye mwenyeji alijua, na kujua kwake ndiko kulikomponza.

Alifungua picha tatu kwa ajili ya kumbukumbu ya ukaguzi. Katika moja, mwanamke alikuwa ameketi kizingitini. Katika nyingine, ng'ombe na nusu ya banda. Katika ya tatu, mwanamume alikuwa akicheka, ameshika mti wa mianzi, na nyuma yake mfenesi. Kulikuwa na mafaili ya sauti pia, lakini alidhani ni nyimbo, na nyimbo alikwisha kuzifuta nyingi. Kwenye jedwali aliandika: "Picha za kifamilia za mstaafu. Hazina mmiliki kazini."

Kanuni ilitaka mwenye faili aulizwe kwa maandishi na angojwe siku thelathini. Mahfuza alimwandikia Nirmal barua pepe kwenye anwani yake ya ofisi. Anwani hiyo ilikuwa imefungwa siku Nirmal alipostaafu, na aliyeifunga ni Mahfuza mwenyewe.

Namba yake ya simu alikuwa nayo. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa riksho. Lakini kulikuwa na jambo, na niliseme wazi, kwa sababu hadithi hii haina maana bila jambo hilo. Siku Mahfuza alipoanza kazi, miaka sita nyuma, Nirmal alisema mbele ya meza nzima ya chakula cha mchana: "Haya, tumeletewa apa wa kutunza kumbukumbu za mto, na hajawahi kulowa kifundo cha mguu." Apa ni dada, neno la heshima, lakini watu walicheka. Mahfuza naye alicheka, akaendelea kula, na maneno yale akayaweka rohoni kwa miaka sita. Kumpigia Nirmal simu kumwuliza "hivi vitu vyako ni nini" ilikuwa sawa na kumpa nafasi ya kucheka tena.

Siku thelathini zikapita. Mwezi Julai akabonyeza, folda mia nne na kumi na mbili zikaenda. Nakala za akiba zilikaa siku tisini, kama kanuni ilivyosema, kisha nyingine zikaandikwa juu yake. Wafadhili wakatoa alama mia kwa mia. Mkurugenzi, Sobhan sahib, akanunua rosogolla, vidonge vitamu vya maziwa ndani ya shira, za ofisi nzima, na Mahfuza akala mbili.

Desemba, asubuhi ya ukungu, mama mmoja wa miaka kama sitini na mitano alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Alikuwa amejifunga shali la pamba, na ukingo wa sari yake ulikuwa umelowa kwa mashua. Alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa aketi, na hata hapo aliketi ncha ya kiti.

"Mama, nimekuja kuchukua picha yangu," akamwambia Mahfuza. Kwetu mtu mzima humwita mama hata aliye mdogo kuliko bintiye, na mdogo humwita mkubwa khala, yaani mama mdogo.

"Picha gani, khala?"

"Ya nyumbani kwangu. Char Shalikdanga imeibuka. Mimi mwenyewe nimekwenda kukanyaga. Kiwanja chetu kipo, bigha tano za ardhi, mchanga mtupu lakini kipo. Sasa yule tajiri Talukdar amepeleka watu wake wa marungu wanapiga vigingi. Kesi iko Alhamisi ijayo ofisi ya ardhi. Afisa ameniambia, bibi, leta ushahidi. Nikamwambia ushahidi uko Kulrekha, alinipiga picha Nirmal-babu kabla mto haujatula."

"Jina lako nani, khala?"

"Jobeda Khatun."

Mahfuza aliandika kwenye kompyuta. Hakuna. Akajaribu kwa herufi nyingine. Hakuna.

"Labda waliandika jina la mume?"

"Mume wangu alifariki mwaka uleule mto ulipokuja. Hebu usitafute Jobeda, mama. Nani ananijua kwa Jobeda? Hilo ni la kupigia kura tu. Tafuta Tuni. Tuni wa Gedu. Nirmal-babu aliandika nikimwona, kwa kidole kimoja kimoja, tok, tok. Nikamtania, wewe babu unapika au unaandika?"

Akacheka kidogo kwa kumbukumbu hiyo, akaziba mdomo kwa ncha ya shali.

 Mahfuza hakuwa na haja ya kuliandika. Jina lile alilijua. Lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha. 

"Haionekani?" Tuni akauliza.

"Ngoja nifuatilie, khala. Rudi Jumatatu."

"Itaonekana," Tuni akamtuliza yeye. "Vitu vya ofisi havipotei. Sisi ndio tunapoteza."

Alipoondoka, Mahfuza alitafuta kila mahali alipojua kuwa hakuna kitu: seva ya kwanza, ya pili, nakala za akiba, kompyuta kuukuu zilizokuwa stoo. Alimpigia fundi wa Dhaka anayefufua diski, na fundi akamwuliza nafasi ile imeandikwa juu yake mara ngapi. Aliposikia jibu, akamwambia, "Apa, hifadhi nauli yako." Mchana huo Mahfuza akachukua riksho kwenda kwa Nirmal Haldar, safari ya nusu saa aliyoiahirisha mwezi wa Juni.

Nirmal alikuwa barazani akimenya mbaazi mbichi, miwani imeshuka puani. Alifurahi kumwona. Akaita chai na muri, bisi za mchele, akamsogezea kiti penye jua. Mahfuza alisema yote kwa mkupuo mmoja, asije akakosa ujasiri katikati. Nirmal aliendelea kumenya mpaka alipofika kwenye neno "nilifuta". Hapo akaacha.

"Zote?"

"Zote, Nirmal-da."

"Na sauti?"

"Na sauti. Nilidhani ni nyimbo."

"Zilikuwa sauti za majirani wa pande nne, kila mmoja anataja mpaka. Huku ni kwa Tuni, huku kwangu, huku mfereji. Na kila picha ilibeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Ilinichukua misimu miwili, kwa miguu, mbele ya mto. Tulikuwa tunashindana nao." Alivua miwani akaifuta. "Wengi wa majirani hao wamekufa sasa."

"Kwa nini uliandika majina ya nyumbani?"

"Nenda char ukaulize Jobeda Khatun, watakwambia hawamjui. Kwenye orodha ya kura wako kumi na wanne. Tuni wa Gedu yuko mmoja. Kwamba Tuni ndiye Jobeda nilikuwa nalo kichwani. Ningepaswa kuliandika. Hapo nami nimekosa."

"Huna nakala hapa nyumbani?"

"Ulinisainisha karatasi, apa. Asiwepo mstaafu mwenye data ya ofisi nyumbani kwake. Nilikukabidhi diski mkononi. Ukanipa risiti."

Kweli alimpa. Lilikuwa wazo lake Mahfuza, na alilisifu mwenyewe kwenye kikao.

"Namba yangu si unayo?" Nirmal akauliza, bila ukali.

"Ninayo."

"Mbona hukupiga?"

Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, na sisi wakubwa tunajifanya tumekwisha kuhitimu. Mahfuza aliona afadhali aseme. "Siku yangu ya kwanza ofisini ulinicheka mbele ya watu. Ulisema sijawahi kulowa kifundo cha mguu."

Nirmal alikunja uso akitafuta. Alitafuta kwa moyo wote, akatazama hata juu darini. "Nilisema hivyo? Siku gani?"

Hakukumbuka. Mahfuza alikuwa amelibeba neno lile miaka sita, na aliyelisema alilitupa siku hiyohiyo pamoja na mifupa ya samaki. Mahfuza alilia pale barazani, na Nirmal, ambaye hakujua la kufanya na mwanamke anayelia, akamsogezea bakuli la muri.

Jumatatu Mahfuza alimweleza Tuni. Alimweleza vizuri, bila kujificha nyuma ya kanuni, hata habari ya simu ambayo hakuipiga. Tuni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hakuna mahali pengine picha inaweza kuwa imejificha. Mahfuza akasema hakuna. Tuni akasema basi njoo Alhamisi uwaambie hivyo wenyewe, labda watamsikiliza mtu wa ofisi.

Sobhan sahib alipopata habari alifunga mlango.

"Nenda, siwezi kukuzuia," alisema. "Lakini sema seva iliharibika. Seva huharibika kila siku, hakuna anayemchukia mtu kwa hilo. Ukisema tulifuta, wafadhili watasoma gazetini, na alama zetu mia kwa mia tutazipeleka wapi?"

"Haikuharibika, sahib."

"Najua haikuharibika. Mtu mzima na elimu yako, bado unataka nikutafunie?"

Alhamisi, ofisi ya ardhi ilijaa. Talukdar alikuja na wakili na hati ambazo mihuri yake ilikuwa bado inanuka wino. Tuni alikuja peke yake, na tambuu kwenye ncha ya sari. Mahfuza alipoitwa alisema jina lake, cheo chake, na kwamba ushahidi wa mama huyu ulikuwepo mpaka Julai, naye ndiye aliyeufuta kwa kudhani ni picha za kifamilia. Alikuwa ameyasema maneno hayo nyumbani mara nyingi sana.

Afisa alikuwa kijana mwenye subira. Aliandika, kisha akainua kichwa. "Kabla ya kufuta, uliziona?"

"Nilifungua tatu kati ya mia nne na kumi na mbili."

"Ya mama huyu ilikuwemo?"

Tuni alimgeukia, uso wake wazi kabisa, anangoja. Neno moja tu lilitakiwa, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulipinga. Kwa usiku kumi Mahfuza alikuwa amemtazama akilini yule mwanamke wa kizingitini, mpaka akawa na shali la Tuni, na pua ya Tuni. Lakini alijua kuwa shali na pua amemvika yeye. Julai alitazama picha ile kwa muda wa kumeza funda la chai.

"Sijui," alisema.

Wakili wa Talukdar hakuona haja hata ya kusimama. Kufikia adhuhuri bigha tano za Shalikdanga zilikuwa zimeandikwa jina la mtu aliyekuwa na vigingi na mihuri.

Nje, Tuni alikaa kwenye ngazi akafungua tambuu yake. Mahfuza alikaa karibu naye kwa kuwa kuondoka kulimshinda.

"Ungesema ndiyo, mama," Tuni akasema.

"Ingekuwa uongo, khala."

"Ungekuwa uongo wangu, si wako. Ningeubeba mimi siku ya kiyama." Alitafuna kwa muda. "Mto uliponichukulia nyumba sikuulaumu. Watu walilia, wakautukana, mimi sikuutukana. Mto hauna simu."

Alipomaliza tambuu aliinuka, akaomba ruhusa ya kuondoka kama mtu aliyekuwa mgeni wa heshima, akaelekea gatini kutafuta mashua. Mahfuza alibaki kwenye ngazi. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, lakini anayesema huwa amesimama pakavu.

Jioni hiyo Nirmal ndiye aliyepiga simu. Alikwisha kusikia.

"Hao wengine mia nne na kumi na mmoja unawafanyaje?" aliuliza.

"Wengine?"

"Unadhani Tuni ni peke yake? Char inaongezeka kila msimu wa kiangazi. Wamekaa huko wanangoja viwanja vyao vitoke, na wamestarehe, kwa sababu wanajua picha ziko Kulrekha. Ukiwaambia leo, watakwenda kumtafuta jirani aliye hai akasaini mbele ya mwanasheria. Ukinyamaza, watakuja mmoja mmoja, siku tatu kabla ya kesi, na majirani watakuwa wamekwisha."

"Sina hata majina yao, Nirmal-da."

"Wewe? Wewe hufuti hata uzi bila kuuandika."

Kweli alikuwa nayo. Ukaguzi ulidai kila kilichofutwa kiorodheshwe, na orodha ilikuwa imepigwa chapa, imebanwa pini, na imewekwa kwenye jalada la ushahidi wa kazi nzuri: kurasa kumi na moja, majina mia nne na kumi na mbili, tarehe na saa ya kufutwa.

Wiki ya kwanza ya Januari alichukua likizo, akapanda mashua kwenda kwenye kingo walikohamia watu wa Shalikdanga. Mashua haikufika ukingoni, kwa hiyo alivua viatu akatembea ndani ya maji mpaka magotini, jalada ameliinua juu ya kichwa. Habari zilikuwa zimetangulia, kama zinavyotangulia siku zote: amekuja apa wa Kulrekha, ana karatasi ndefu, anataja majina ya nyumbani.

Alisimama penye duka la chai, akasoma jina la kwanza chini ya la Tuni. "Khoka wa Buri."

"Ndimi mimi," alijibu mzee mmoja, na watu wakampisha. Alikuwa amechana nywele kwa mafuta, na mkononi alishika mfuko wa nailoni safi, uliokunjuliwa tayari, ili picha isilowe njiani. Nyuma yake walikuwa wakija wengine, wanawake wakipangusa mikono yenye unga, mmoja anamwita mwenziwe aliyebaki uwanjani aharakishe.

"Sikuleta picha, chacha," Mahfuza alisema, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Zilikuwa kwangu, nikazifuta zote. Nilidhani si kitu. Nimekuja kuwaambia mapema mtafute mashahidi."

Mzee Khoka aliutazama mfuko wake. Aliukunja mara mbili, taratibu, akaurudisha mfukoni, kisha akauliza kwa adabu kama shahidi lazima awe jirani wa mpakani au hata wa mbali anatosha.

"Wa mpakani ndiye bora. Walio hai ni wangapi?"

Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, na mara zote mbili alifika kwenye kidole kimoja. "Ni Tuni," akasema. Mahfuza akaliandika jina hilo mbele ya la Khoka, na foleni nyuma ya mzee ilikuwa bado inaongezeka.